Pigo Moja Lashinda Kumi na Mawili

Mwanangu Neema,

Salamu zako tumezipata, na sisi hapa Pittsburgh hatujambo. Mama yako anauliza lini utapiga simu.

Umeniuliza kama jedwali la mechi ya besiboli ya Mei 26, 1959 alilokutumia mwenzako wa kazini limekosewa: Pittsburgh Pirates mapigo safi 12 (mpigaji anaupiga mpira na kufika kituoni bila wapinzani kukosea), alama 0 (alama ni mchezaji kuzunguka vituo vyote hadi nyumbani), kosa 1, Milwaukee Braves pigo safi 1, alama 1, na Braves ndio washindi. Halijakosewa, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa, kule Milwaukee.

Usiishie mstari wa juu. Shuka mpaka kwa warushaji, mtafute Harvey Haddix wa Pirates. Mechi ya kawaida ni awamu 9, na kila awamu timu hupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe, yaani wapigaji 27 wa kutolewa; alama zikilingana, mechi inaendelea. Haddix aliwatoa 36 mfululizo, awamu 12 nzima, hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Katika ligi kuu hakuna mwingine aliyefika huko, kabla yake wala baada yake. Na usiku ule alikuwa mgonjwa, mafua yamembana.

Wenzake je, na mapigo yao 12? Yote yalikuwa ya kituo kimoja kimoja, na Lew Burdette wa Braves hakumpa mtu kituo cha bure (anachopewa mpigaji mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigwa) hata mara moja. Awamu ya tatu Román Mejías alikuwa kituo cha kwanza. Haddix akapiga mpira ukamgonga Burdette mguuni. Mejías akapita cha pili, tamaa ikamvuta mpaka cha tatu, akatolewa. Aliyefuata, Dick Schofield, akapiga pigo safi ambalo huenda lingemfikisha Mejías nyumbani! Jedwali linakuhesabia mapigo, lakini hiyo mbio ya Mejías hulioni humo, na kwangu mechi iliponyoka pale.

Lile kosa 1 la Pirates ni la Don Hoak, awamu ya 13. Félix Mantilla alipiga mpira wa chini, Hoak akaudaka vizuri, akautupa vibaya kuelekea kituo cha kwanza. Eddie Mathews akakubali kutolewa yeye ili Mantilla asogee cha pili. Hank Aaron wakampa kituo kwa makusudi (nani angependa kumrushia Aaron saa hiyo?). Ndipo Joe Adcock akauvusha mpira ukuta.

Sasa swali lako la pili: mpira umevuka ukuta, kuna watu wawili vituoni pamoja na mpigaji, mbona si alama 3? Aaron alidhani mpira umeangukia ndani ya uwanja. Alijua Mantilla akifika nyumbani mechi imekwisha, akaacha njia akielekea benchi. Adcock, akikimbia kichwa chini, akampita, na kanuni inasema ukimpita mwenzako aliye mbele umetoka. Kwa hiyo pigo likaandikwa la vituo viwili, na rais wa ligi, Warren Giles, akaamua matokeo ni 1-0.

Mwaka 1991 kamati ya ligi kuu ilibana maana ya mechi isiyo na pigo: lazima ibaki bila pigo hadi mwisho. Haddix akaondolewa kwenye orodha. Mwenzako anaona ni dhuluma. Mimi siwalaumu, maana Adcock alipata pigo kweli. Kinachonikera ni ile herufi ya kushindwa iliyobandikwa pembeni ya jina la Haddix, wakati mrushaji hafungi alama, na waliopaswa kufunga walipata nafasi 12.

Mkikutana kazini mwonyeshe safu moja anayoipita kila mtu, ya alama anazodaiwa mrushaji mwenyewe. Kwa kuwa Mantilla alifika kituoni kwa kosa la Hoak, kwa Haddix pameandikwa 0.

Baba yako