Maswali ya Wasomaji: Fedha za Mjomba na Viza ya Mwanafunzi wa Uingereza

SWALI: Nimedahiliwa kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo kilichoko Leeds. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba, na ndiye atakayenilipia kila kitu. Fedha zimo katika akaunti yake. Wakala mmoja ameniambia kwamba barua ya mjomba pamoja na taarifa yake ya benki zinatosha, lakini rafiki yangu anayesoma huko anasema hazitoshi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Msikilize rafiki yako. Katika nyumba zetu mjomba aliyekulea ni mzazi, na hakuna anayemdai cheti. Kanuni za uhamiaji za Uingereza hazimtazami hivyo. Ukiwaacha wafadhili rasmi, kama vile serikali au chuo chenyewe, fedha zinazohesabiwa ni zile zilizomo katika akaunti ya mwombaji, ya mzazi wake, ya mlezi anayetambuliwa kisheria au, kwa baadhi ya waombaji, ya mwenzi wa ndoa. Mjomba asiye na hati ya mahakama ya kumfanya mlezi wako hayumo katika orodha hiyo, hata kama amekusomesha tangu chekechea.

Njia iliyo halali na rahisi ni mjomba kuzihamishia fedha hizo kwenye akaunti yenye jina lako, mapema. Zikishaingia, zitapaswa kukaa humo siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa, na tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya siku unayotuma maombi. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa sababu mtu hutoa kidogo siku ya 20 akalipie nauli, akarudisha kesho yake, akidhani hakuna atakayeona. Salio likishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya. Barua ya mjomba usiitupe: afisa akiona kiasi kikubwa kimeingia kwa mkupuo, anaweza kutaka kujua kilikotoka, na barua hiyo ndiyo itakayojibu.

Kuhusu kiasi, tangu tarehe 11 Novemba 2025 fedha za kujikimu ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na pauni 1,529 kwa anayesoma London, kwa muda usiozidi miezi tisa. Kwa Leeds, basi, ni pauni 10,539. Juu yake unaongeza ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa. Tuseme ada ni pauni 22,000 na umeshatanguliza 5,000: zinabaki 17,000, na jumla ya kuonyesha ni pauni 27,539. Hakikisha malipo yako ya awali yameandikwa katika uthibitisho wa udahili ambao wanafunzi huuita CAS, au uwe na risiti ya chuo.

Hulazimiki kununua pauni. Shilingi zinakubalika, ila hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya maombi kinachotolewa na OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilishia fedha. Kwa hiyo anayeweka kiasi kamili hadi senti ya mwisho anajitakia balaa, maana shilingi ikiyumba kidogo tu atakuwa amepungukiwa. Weka ziada ya kutosha. Shamba, nyumba na hisa havihesabiwi, kwani zinatakiwa fedha taslimu zinazoweza kutolewa benki wakati wowote. Tozo ya huduma za afya nayo hulipwa pembeni: ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kwa kozi ya mwaka mmoja kwa kawaida hufika 1,164, kwa sababu viza hutolewa kwa muda unaozidi ule wa kozi.

Neno moja kuhusu wakala wako. Akikushauri baadaye utumie taarifa ya benki ya kutengenezwa, mkimbie. Udanganyifu ukigundulika, maombi yako yanayofuata yanaweza kukataliwa kwa miaka 10.

SWALI: Je, ni lazima kupimwa kifua kikuu hata kama sijawahi kuugua? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, ikiwa unaishi Kenya na unakwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Hospitali yoyote haitoshi. Kipimo hufanywa katika kituo kilichoidhinishwa cha Shirika la Kimataifa la Uhamiaji kilichoko Nairobi, na cheti hutumika kwa miezi sita. Wengi hupigwa eksirei wakamaliza. Lakini picha isipoeleweka, huchukuliwa makohozi, na majibu yake yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Mtu aliyengoja hadi Agosti kwa masomo ya Septemba hana wiki nane. Maombi ya viza yanaweza kutumwa kuanzia miezi sita kabla ya kozi, hivyo sioni sababu ya kukichelewesha kipimo hicho.

SWALI: Nitakwenda kusoma uzamili wa mwaka mmoja. Naweza kumchukua mke wangu na mtoto, nami nikafanya kazi ya kuwatunza? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Tangu tarehe 1 Januari 2024, anayesoma uzamili wa kawaida wa darasani haruhusiwi kuambatana na familia. Ruhusa imebaki kwa wa uzamivu, wa shahada za juu za utafiti na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita.

Kazi inaruhusiwa, lakini kwa mwanafunzi wa shahada ni saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya saa 10 wiki hii ukafidia kwa 30 wiki ijayo, wala huruhusiwi kujiajiri. Wanafunzi wa uzamili, hasa, huponzwa na miezi ya kiangazi: wenzao wa shahada ya kwanza wako likizo na wanafanya kazi kutwa, ilhali kwao wakati wa kuandika tasnifu ungali ni muhula, na kikomo cha saa 20 kinaendelea hadi kozi iishe rasmi.