Re: Waksi ngumu inakatika nikifanya bikini, nywele zinabaki

Mambo dada, kama nimekuelewa ukitoa nywele za bikini (kinenani) kwa waksi ngumu, ile inayovutwa yenyewe bila kitambaa, inakukatikia mkononi, nywele zinabaki nusu na mteja anatoka mwekundu. Kabla hujabadilisha waksi angalia kwanza ule mkono usiovuta, ngozi ya pale ni laini na inacheza sana, usipoikaza vizuri waksi inavuta ngozi badala ya nywele, mi huwa namwomba mteja mwenyewe anisaidie kushikilia kwa juu. Waksi ikivunjika vipande vipande ujue umepaka nyembamba au umeiacha ikapoa mno. Paka sehemu ndogo tu, ukingo uache mnene upate pa kushika, alafu vuta haraka kinyume na nywele zinavyoota, mkono ukiwa sambamba na ngozi, usivute kwenda juu!! Vitone vya damu kwenye vinyweleo ni kawaida, ngozi kuchubuka hapana, hapo acha kabisa. Na kijiti cha kupakia kikishamgusa mteja kitupe, usikirudishe kwenye waksi. Muulize pia kama anameza isotretinoini, dawa ya chunusi, au kaacha chini ya miezi 6, akisema ndio usimfanyie hata akikubembeleza.