Aliyeigiza Oddjob hakuwa Mkorea
Je, aliyemwigiza Oddjob, yule mlinzi bubu katika Goldfinger, filamu ya James Bond ya mwaka 1964, alikuwa mwanamieleka Mkorea aliyepata medali ya Olimpiki? Hapana, hakuwa Mkorea bali Mmarekani wa asili ya Kijapani aitwaye Harold Sakata, aliyezaliwa Hawaii mwaka 1920. Ukorea ulikuwa wa mhusika tu. Ni kweli kwamba Sakata alikuwa mwanamieleka wa kulipwa, tena kwa miaka mingi kabla ya filamu hiyo, na ulingoni alijulikana kama Tosh Togo. Ila medali yake ya fedha ya Olimpiki ya London ya mwaka 1948 hakuipata katika mieleka bali katika kunyanyua vizito, kama kumbukumbu za michezo hiyo zinavyoonyesha.

Mwili wake huo wa mwanamichezo ndio uliobeba uigizaji wake, kwa kuwa Oddjob hasemi maneno: anaivurumisha kofia yake yenye ukingo wa chuma, kichwa cha sanamu kinaanguka, naye anatabasamu. Kwa maoni yangu, tabasamu hilo linatisha kuliko kofia yenyewe. Baadaye Sakata aliendelea kuigiza katika filamu na televisheni hadi alipofariki mwaka 1982.