Skana imesema safi, mbona tena IRM?

SWALI: Jambo Papa. Mume wangu ana miaka 58, anatengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hapa Birere. Mwaka jana alikatwa doa jeusi kwenye unyayo. Sisi tulidhani ni mawe ya volkano yamemchoma, kumbe maabara ikaandika melanoma, kansa ya ngozi. Sasa kichwa kinamuuma kila asubuhi na mkono wa kushoto unadondosha nyundo. Skana (CT) ya kichwa, bila sindano ya dawa ya kung'arisha picha, ilisema safi. Daktari anataka IRM (picha ya sumaku, wengine huita MRI), na ni mbali, ni ghali. Si kutumaliza pesa tu? (Ana pia kipande cha chuma pajani tangu vita vya 1996.)
Mama wa Birere, Goma

JIBU: Pole sana, Mama. Daktari wenu yuko sawa. Kwetu watu weusi melanoma hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, na pamoja na kansa ya mapafu na ya titi ndiyo inayopanda sana ubongoni. Uvimbe wa milimita chache, skana bila sindano huupita hivi hivi.

IRM ni sumaku, haina miale ya eksirei. Nimekaa miaka 19 katika chumba cha picha hapa Bukavu na jambo hili bado hunishangaza: melanini, rangi ile ile iliyotia unyayo weusi, mara nyingi hung'aa nyeupe kwenye picha za IRM hata kabla ya dawa ya sindano. Vivimbe hivi pia huvuja damu, nayo huonekana. Kisha hudungwa gadolini, ndiyo dawa hiyo, mshipani, na hata vile vidogo hujitokeza. Figo zipimwe kabla.

Sasa hicho ulichokiweka kwenye mabano, mimi ningekiandika juu kabisa! Semeni habari ya chuma kabla ya kulipa, maana sumaku huvuta chuma. Cha pajani mara nyingi si kizuizi, wakikipiga redio (eksirei) kwanza wakaona kilipo. Cha jichoni ndicho hatari. Mume wako ni fundi, bila shaka hunoa misumeno. Kama cheche iliwahi kumwingia jichoni, aseme hata kama ni zamani.

Msingoje mwezi uishe. Akitapika, akidegedeka au akisinzia ovyo, mkimbizeni hospitali ya karibu siku hiyo hiyo, IRM itafuata. Na CD ya skana ya kwanza muibebe, karatasi peke yake haitoshi.