Wageni Wengi, Kumbukumbu Moja: Ushauri kwa Anayeanza Kusimamia z/VM

Anayekabidhiwa z/VM kwa mara ya kwanza, hasa akiwa ametokea upande wa seva za kawaida za Linux, huja na mazoea ambayo huko alikotoka yalikuwa sahihi kabisa, lakini ambayo kwenye kompyuta kuu (mainframe) huwaumiza watumiaji wote wanaoishi ndani ya mashine ileile. Nimefanya kazi ya usimamizi wa mifumo hii kwa muda wa kutosha kuyaona matatizo yaleyale yakijirudia katika vituo tofauti, na mengi kati yake yana mzizi mmoja: kila mgeni, yaani kila mashine pepe iliyomo, amepewa kumbukumbu nyingi kuliko anayoihitaji.

z/VM ni programu ya IBM inayoigawa mashine moja kati ya mashine pepe nyingi, ndizo tunazoziita wageni, kila moja ikiendesha mfumo endeshi wake, uwe Linux, z/OS (mfumo endeshi wa IBM wa kompyuta kuu) au hata z/VM nyingine. Nasaba yake inaanzia katika kituo cha utafiti cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, ambako timu ya Robert Creasy iliunda CP-40 katikati ya miaka ya 1960. Ikafuata CP-67, kisha VM/370 iliyotangazwa Agosti 1972, na jina la z/VM likaja mwaka 2000. Urithi huo bado unaonekana. Kila mgeni ana kisoma kadi, kitoboa kadi na printa, vyote vikiwa pepe, na vinafanya kazi kila siku: tunapomsimika mgeni mpya wa Linux, tunatuma kiini cha mfumo, faili la vigezo na diski ya mwanzo kwenye kisoma kadi chake, halafu tunamwasha kwa amri ya IPL 00C. Anayegawa rasilimali zote ni CP (Control Program), sehemu ya z/VM ambayo hukaa chini ya wageni. CMS ni mfumo mdogo wa mtumiaji mmoja ambao msimamizi hufanyia kazi zake.

Sasa turudi kwenye kumbukumbu. Linux haipendi kuona kumbukumbu ikikaa bure, kwa hiyo chochote kisichotumiwa na programu huijaza kwa nakala za data iliyosomwa kutoka diskini. Kwenye seva inayojitegemea jambo hilo ni zuri, kwa kuwa kumbukumbu ile haina mwenyewe mwingine. Chini ya z/VM mambo hubadilika. Tuseme una wageni 40, na kila mmoja amepewa gigabaiti 8, yaani gigabaiti 320 kwa jumla, huku mashine ikiwa na 200 tu. CP huiruhusu hesabu hiyo kwa makusudi. Ndiyo kazi iliyoundwa kuifanya, kwa kutegemea kwamba wageni wote hawatagusa kurasa zao zote, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu, kwa wakati mmoja. Lakini kama kila Linux imejaza sehemu yake kwa nakala za mafaili, basi kurasa hizo zote zinaonekana kwa CP kuwa ni mali inayotumika, na CP inalazimika kuzipeleka diskini na kuzirudisha.

Kuna ubaya mkubwa zaidi ambao wengi hawautambui mpaka waelezwe. Linux inapohitaji nafasi, huchagua ukurasa ambao haujaguswa kwa muda mrefu ili iutumie upya. Ukurasa huohuo, kwa sababu ileile, mara nyingi ndio ambao CP ilikwisha kuupeleka diskini. Hivyo CP inaurudisha ukurasa kutoka diskini kwa gharama kubwa, ili tu Linux iufute na kuandika kitu kingine juu yake. Mifumo miwili yenye akili nzuri, kila mmoja ukijitahidi kivyake, hukwamishana, na mtumiaji, tuseme karani wa benki aliyeko kwenye dirisha la huduma, hujua tu kwamba skrini yake imeganda.

Tiba yake ni kumpunguzia mgeni kumbukumbu hatua kwa hatua, ukimtazama kwa vmstat, amri ya Linux ya kuonyesha matumizi ya kumbukumbu, wakati wa kazi nzito, mpaka aanze kutumia kidogo tu eneo lake la akiba (swap), ambako Linux huhamishia kurasa kumbukumbu inapopungua, kisha usimame hapo. Eneo hilo la akiba usiliweke kwenye diski halisi kwanza. Mpe VDISK, yaani diski pepe ambayo CP huiweka katika kumbukumbu na ambayo haichukui nafasi yoyote mpaka iguswe. Mimi hupendelea kumpa kila mgeni VDISK zaidi ya moja, ya kwanza ikiwa ndogo na yenye kipaumbele cha juu, ya pili ikiwa kubwa zaidi, kwa sababu Linux huijaza ile ya kipaumbele cha juu kabla ya kuigusa nyingine. Nikiona ya pili imeguswa, najua kwamba mgeni huyo kweli ana njaa na kwamba ombi la kuongezewa ni la haki.

Wageni wanaoendesha Java wanahitaji uangalifu wa pekee. Kikusanya taka cha Java, kinachofuta data isiyohitajika tena, huzungukia eneo lote la kumbukumbu lililotengewa Java, kwa hiyo eneo hilo lazima litoshe ndani ya kumbukumbu ya mgeni bila kumwagikia kwenye akiba. Hapa kupunguza kupita kiasi ni kosa baya kuliko kuzidisha, na kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni ukubwa wa eneo la Java lenyewe, jambo ambalo lazima mkubaliane na wenye programu.

Kukubaliana nao ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na naisema hivyo kwa moyo wote. Mwenye programu huleta karatasi ya mahitaji iliyoandikwa kwa ajili ya seva ya kawaida, ikiwa imeongezwa kidogo na kila aliyeipitia, na humwona msimamizi anayekata kiasi hicho kuwa mchoyo. Usibishane naye kwa maneno. Mpe mgeni kiasi kidogo cha kuanzia pamoja na kiasi cha ziada kinachosubiri, kwa mfano DEFINE STORAGE 4G STANDBY 8G, na umwonyeshe kwamba kumbukumbu inayosubiri inaweza kuwashwa ndani ya Linux bila kumzima mgeni. Baada ya hapo mletee vipimo vya mwisho wa mwezi kutoka Performance Toolkit, programu ya kupima utendaji wa z/VM. Nimeona watu waliokuja na hasira wakiondoka na utulivu walipoelewa kwamba nafasi yao ipo na haitawahitaji kuomba ruhusa ya kusimamisha huduma.

Kwa upande wa CP, tenga diski za kurasa nyingi zenye ukubwa sawa, zisizo na data nyingine yoyote, na uzitazame kwa QUERY ALLOC PAGE. Nafasi ya kurasa ikijaa, CP huanza kuandika kurasa katika eneo la spuli, ambako hukaa mafaili yanayosubiri kusomwa au kuchapwa, na eneo hilo nalo likijaa, mfumo mzima huanguka pamoja na wageni wote. Kwa sababu hiyo napenda kuona nafasi ya kurasa ikiwa imetumika nusu au pungufu. Kwa kazi za uzalishaji, yaani huduma halisi za wateja, jumla ya kumbukumbu za wageni huwa siiruhusu ivuke mara moja na nusu ya kumbukumbu halisi. Kwa mazingira ya majaribio naruhusu zaidi, kwa kuwa wageni wake hulala muda mwingi.

Kulala kwa wageni ni jambo la kulindwa. Linux za mwanzo kwenye mashine hizi ziliamka mara 100 kila sekunde hata zisipokuwa na kazi, na CP haikuweza kuzihesabu kuwa zimelala. Hilo lilirekebishwa zamani ndani ya kiini, lakini programu za ufuatiliaji tunazozisimika wenyewe huweza kulirudisha. Ondoa huduma zisizohitajika. Tawanya pia saa za kazi za cron, kipanga ratiba cha Linux, maana wageni wote waliotokana na nakala moja ya mfano wataamka dakika ileile ya usiku kuzungusha mafaili ya kumbukumbu za matukio, na mashine itapanda hadi asilimia 100 bila mtumiaji hata mmoja.

Kuhusu prosesa nina neno moja. Mgao wa mgeni unaowekwa kwa SET SHARE RELATIVE, ambao kwa kawaida ni 100, hugawanywa kati ya prosesa zake pepe. Mgeni aliyeongezewa prosesa kutoka mbili hadi nne bila kuongezewa mgao hapati nguvu zaidi wakati wa msongamano. Kila prosesa yake inabaki na nusu ya uzito iliokuwa nao.

Wafundishe wenzako wapya tofauti ya DISCONNECT na LOGOFF kabla hawajagusa konsoli ya mgeni yeyote, kwa kuwa DISCONNECT humwacha mgeni akiendelea na kazi, lakini LOGOFF humzima papo hapo. Weka SET RUN ON katika PROFILE EXEC, faili la amri zinazoendeshwa mgeni anapoingia, ya kila mgeni wa Linux, la sivyo mtu akiingia kwenye konsoli na kuangukia upande wa CP, mgeni husimama, na akiachwa katika hali hiyo bila konsoli kwa dakika 15 CP humwondoa. Saraka ya watumiaji, yaani orodha ya wageni na rasilimali zao, nayo ipitishe kwenye DISKMAP, inayoonyesha mgawanyo wa diski, kila baada ya badiliko, maana diski ndogo mbili (vipande vya diski halisi wanavyogawiwa wageni) zinazoingiliana kwa silinda moja tu zinatosha kuharibu data ya wageni wawili.

Mabadiliko makubwa yajaribu ndani ya z/VM ya pili inayoendeshwa kama mgeni wa ile ya kwanza. Uwezo huo ni zawadi kubwa: unaweza kusimika toleo jipya, kuharibu usanidi, kuwasha upya na kurudia mchana wa kazi, bila mteja yeyote kuguswa.

Kwa msomaji asiye na mashine, z/VM ni programu ya leseni na huwezi kuichukua tu na kuiendesha nyumbani. Hata hivyo, VM/370 ya zamani inapatikana bure na huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida kupitia kiigizi kinachoitwa Hercules. Humo utazoea saraka, diski ndogo na amri za CP kama QUERY, LINK na DEFINE, ambazo msingi wake haujabadilika. REXX, lugha ya kuandikia programu ndogo za kiutawala, itakubidi uijifunze kando, kwa sababu iliingia katika ukoo huu baadaye, na VM/SP, mwaka 1983.