Jibu: Kwa nini ?? haiweki thamani ya kuanzia

Mkuu, PHP yako haina ugonjwa. Umeandika `$punguzo = $_POST['punguzo'] ?? 5;` (`$_POST` ni data iliyotumwa na fomu) na unashangaa mtumiaji akiacha kisanduku wazi hupati 5. Sababu ni kwamba alama ya `??` (ipo tangu PHP 7.0) inaangalia mambo mawili tu: kigeu hakipo kabisa, au ni null (hakina thamani). Kisanduku cha maandishi kilichoachwa wazi bado kinatumwa na fomu, kikiwa na maandishi matupu `''`. Kwa `??` hiyo ni thamani halali, inapita.

Wengine watakwambia utumie `?:`. Usikimbilie huko. Hiyo inakataa kila kinachohesabika kuwa si kweli na kuchukua thamani ya kulia, na kwenye PHP "0" imo humo. Mhasibu akiandika 0 kwa makusudi, mteja anaondoka na punguzo la asilimia 5 ambalo hakupewa na mtu! `empty()`, inayopima kama kitu ni kitupu, nayo ina tabia hiyohiyo. Isitoshe, `?:` peke yake itakupa onyo kama ufunguo haupo kwenye `$_POST`.

Mimi ningeandika hivi:

```
$punguzo = trim($_POST['punguzo'] ?? '');
if ($punguzo === '') {
    $punguzo = 5;
}
```

Ni mistari mingi kidogo, lakini 0 inabaki 0, na kwa kuwa `trim` huondoa nafasi za pembeni, aliyebonyeza nafasi tupu anahesabika hajajaza.

`??=` ya PHP 7.4 (inaweka thamani pale tu kigeu hakipo au ni null) iweke kwenye mipangilio ya mfumo, mfano `$config['lugha'] ??= 'sw';`. Kwenye fomu itakuangusha vilevile.