Kigeuzi Kilisema 48, Mimi Nikaamini 192

Mpwa wangu alikuja Jumapili moja kuchaji simu, akakaa karibu na rafu ya redio, akauliza, "Mjomba, hii 48 ni nini?" Alikuwa anatazama kioo kidogo cha kigeuzi changu, kile kisanduku kinachopokea namba kutoka kwenye laptopu na kuzifanya sauti kabla hazijafika kwenye amplifaya. Wapenzi wa muziki wanakiita DAC. Nikamjibu kwa madaha kwamba hizo ni kilohezi, maana yake maelfu ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde, na kwamba wimbo unaopiga ni wa 192 na biti 24 (hizo ni tarakimu za kila kipimo), nimeununua kwa pesa yangu halali. Akatazama tena. "Lakini hapa pameandikwa 48."

Nilikuwa nimekaa na kisanduku kile miezi saba. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nakaribisha wageni, nawakalisha katikati ya spika mbili na kuwaambia wasikilize tofauti. Wakaisikia, wengine hadi wakafumba macho. Tofauti yenyewe haikuwepo.

Basi kama umenunua kigeuzi cha nje, au unakitamani, kwanza jifunze kusoma namba inayotokea mwisho wa safari. Ukikuta kigeuzi hakina kioo, mara nyingi kina taa inayobadilika rangi. Kile kidogo cha DragonFly, kinachofanana na flashi, hubadilisha rangi ya nembo yake kufuata kiwango cha sampuli. Piga wimbo wa CD, ambao ni 44.1, kisha piga wa 96. Kama namba au rangi haikubadilika, kuna mtu njiani anakuchakachulia.

Kwangu mtu huyo alikuwa Windows, na hakuwa na nia mbaya. Kompyuta inatakiwa kupiga muziki, mlio wa ujumbe na video ya kwenye intaneti kwa wakati mmoja, lakini kigeuzi kinapokea kiwango kimoja tu kwa wakati. Kwa hiyo mfumo unafanya kama mpishi wa shughuli ambaye kila nyumba imemletea wali wake: anamimina wote kwenye sufuria moja. Sufuria yangu ilikuwa imewekwa 48, basi wimbo wa 192 ukapunguzwa hadi 48, na wa CD wa 44.1 ukapandishwa hadi 48. Hakuna kilichotoka kama kilivyoingia.

Dawa ya kwanza ni kwenda kwenye mipangilio ya sauti, kuchagua kigeuzi na kubadilisha namba kwa mkono. Inasaidia, ila utachoka, maana albamu moja ni 44.1 na inayofuata ni 96. Dawa yenyewe hasa ni kutumia programu ya kuchezea muziki inayoweza kumiliki kigeuzi peke yake na kuwafungia mlango wengine wote. Windows ina njia hiyo tangu Vista, inaitwa WASAPI. Mimi natumia foobar2000, ambayo ni ya bure. Ukifungua sehemu yake ya kuchagua kifaa cha kutolea sauti, utaliona jina la kigeuzi chako limejirudia, na moja limeandikwa «exclusive». Chagua hilo. Nilipolichagua siku ile, kioo kikaruka kutoka 48 hadi 192 mpwa wangu akiwa amesimama pale pale, na uso wake sitausahau. Tangu hapo milio ya ujumbe haisikiki nikiwa napiga muziki, jambo ambalo kwangu ni neema nyingine.

Kwenye Mac kuna programu inayoitwa Audio MIDI Setup, iko ndani ya folda ya Utilities, na huko ndiko kiwango kinakowekwa. Usitegemee kila programu ya kuchezea muziki ikibadilishe yenyewe. Zipo zinazojua kufanya hivyo na zipo zisizojua. Linux ndiyo niliyoipenda zaidi kwa uchunguzi, maana haifichi kitu. Wakati wimbo unapiga, fungua faili la hw_params lililo chini ya /proc/asound, kwenye folda ya kadi yako, utaona kiwango halisi kinachotoka, kwa mfano rate: 192000. Linux nyingi za sasa zinatumia PipeWire, programu inayosimamia sauti zote za kompyuta, na PipeWire bila kuguswa hupeleka kila kitu kwa 48. Kwenye mipangilio yake kuna orodha ya viwango vinavyoruhusiwa. Ongeza 44100, 88200, 96000 na vingine ambavyo kigeuzi chako kinavimudu.

Sasa waya. Hapa nimeliwa, nakiri. Mwanzoni, kabla ya mpwa wangu kuniumbua, nilikuwa nahisi muziki hauna uhai niliouahidiwa. Muuzaji mmoja akaniambia tatizo ni waya wa USB, akanitolea mmoja mnene kama mkia wa mamba, umevikwa nyuzi za kusokotwa. Nililipa bei ambayo mke wangu hadi leo haijui, na kama anasoma hapa, naomba tuongee jioni. Niliporudi nyumbani nikasikia mabadiliko makubwa. Kioo kikaendelea kusema 48.

Piga hesabu mwenyewe. Biti 24, mara sampuli 192,000, mara njia mbili za kushoto na kulia: ni megabiti 9.2 kwa sekunde. USB 2.0 inapitisha hadi megabiti 480. Kigeuzi chenye tundu la mraba kinatosheka na waya ule ule wa printa, mradi uwe mzima na usiwe mrefu kupita kiasi. Waya mbovu unajulikana: muziki unakatikakatika, unatoa vidoko, au kigeuzi kinapotea kwenye kompyuta. Haupunguzi utamu wa fidla peke yake huku mengine yote yakibaki salama. Ukisikia vidoko, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha USB, tena kwenye tundu ambalo halina flashi wala diski ya nje jirani yake. Kwangu vidoko vilikwisha siku hiyo hiyo.

Kuna kikwazo kingine ambacho si cha waya. Vifaa vya sauti vya USB vina vizazi. Vya kizazi cha kwanza vinatumia mwendo wa megabiti 12 na kwa muziki wa njia mbili vinaishia 96 na biti 24. DragonFly niliyoitaja iko kundi hilo, na ndiyo maana ukiichomeka popote inapiga bila draiva, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Kizazi cha pili ndicho kinafika 192 na kuendelea. Mac zilikielewa tangu 2010, lakini Windows haikuwa na draiva yake yenyewe hadi toleo la Windows 10 la mwaka 2017. Kwa hiyo ukiwa na laptopu ya mtumba yenye Windows 7, na mitaani kwetu bado zipo tele, lazima uchukue draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kigeuzi. Soma hilo kabla hujalipa. Tena usidharau vidogo: kile kikebo cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni ni DAC kamili ndani yake. Kinaishia 48, lakini kwa anayesikiliza mafaili ya CD kinatosha kabisa.

Tatizo langu la pili lilikuwa mvumo. Laptopu ikiwa kwenye chaja, spika zilikuwa zinatoa mmm ya chini chini, ikichanganyika na vimluzi vinavyofuata mwendo wa kipanya. Chomoa chaja, kimya. Ukiona hivyo, kelele inapita kwenye waya wa USB wenyewe, kwa sababu laptopu na amplifaya zinakutana ardhini kwa njia mbili tofauti. Jaribu kwanza kuchomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi. Kuna mafundi watakuambia ukate pini ya ethi kwenye plagi. Usikate! Pini hiyo ndiyo itakayokuokoa siku umeme utakapogusa bodi ya chuma ya amplifaya.

Dawa iliyonifaa mimi ilikuwa mwanga. Kebo ya optiki, ile ya Toshiba ya tangu 1983, haipitishi umeme hata kidogo, kwa hiyo mvumo unakosa barabara. Nilikuwa na MacBook Pro ya zamani imelala kabatini. Nyingi za kabla ya 2016 zina taa nyekundu ndani ya tundu la hedifoni. Ukichungulia wakati inawaka utaiona. Tundu lile ni la optiki pia, na kebo yake yenye ncha nyembamba niliipata kwa bei ya chipsi mayai mbili. Lakini mwanga nao una mpaka: hesabia 96. Vipo vifaa vinavyofika 192 kwa njia hiyo, ila kebo za plastiki za bei rahisi hapo huanza kuleta ubishi. Nikachagua 96 na ukimya badala ya 192 na mmm.

Je, nilipoteza kitu? Niliketi na mpwa wangu, yeye akibadilisha, mimi nimegeukia ukuta, wimbo ule ule kwa 192 na kwa 96. Nikabahatisha sawa na anayerusha shilingi. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, jaribio walilofanya Marekani: sauti ya daraja la juu ilipitishwa kwenye kifaa kilichoishusha hadi kiwango cha CD, na katika majaribio 554 wasikilizaji walipatia asilimia 49.8. Watu wameligombania jaribio hilo hadi leo, nami sitaki ugomvi na mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba kuhama kutoka tundu la hedifoni la laptopu ya kwanza hadi kwenye kigeuzi nilikusikia hata nikiwa jikoni, na kuondoka kwa mvumo nilikusikia zaidi. Hii ya 96 na 192 niliisoma tu kwenye kioo.

Na kabla hujalipia faili la daraja la juu, likague. Kuna programu ya bure inaitwa Spek. Unatupia faili ndani yake, inakuchorea picha ya sauti, nyembamba juu na nzito chini. Kilohezi za picha hiyo si sampuli tena, ni mitetemo ya sauti yenyewe kwa maelfu, na faili linabeba mitetemo hadi nusu ya sampuli zake: CD ya 44.1 inaishia kama 22. Faili lililoandikwa 96 lakini picha inakatwa kama kwa rula kwenye kilohezi 22 ni CD iliyovalishwa suti. Likikatwa kwenye 16, huenda lilikuwa MP3 ya ovyo tangu mwanzo. Mimi nilikuta mawili ya aina hiyo, yote nimelipia.

Siku hizi narekodi kanda za taarabu za marehemu mama yangu, zile za kaseti zenye maandishi yake kwa kalamu nyekundu. Nazichukua kwa biti 24, maana hapo unaweza kuacha nafasi juu bila kuogopa sauti kupasuka, na kilohezi 48. Mpwa wangu, ambaye sasa ni mtaalamu kuniliko, akauliza mbona si 192. Nikamfungulia Spek, nikamwonyesha upande wa kwanza wa kaseti ya kwanza. Qanun, fidla na sauti za waimbaji zilikuwa zimejaa chini. Kupita kilohezi 14 palikuwa na mchakacho wa mkanda tu, na kidole cha mama kikibonyeza kitufe cha kurekodi.